Sanduku la Muskat na Mizani ya Ndege

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mbezi Luis

Sanduku lilikaa chini ya kitanda cha shemeji yangu kwa muda wa miezi kumi na minne, na utepe uleule lililofungiwa huko Muskat bado ulikuwa umelizunguka. Kila nilipofika nyumbani hapo kuwajulia hali watoto wa marehemu kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nililiona likichungulia chini ya shuka, na kila mara nilijifanya sijaliona. Ndani yake mlikuwa na ndege ya mfano ya kuongozwa kwa redio, haijaundwa: vipande vya mbao, mota ndogo, waya na kitabu cha maelekezo. Kaka aliinunua katika mwaka wake wa mwisho wa kazi huko Omani. Kwenye simu alikuwa akimwambia mwanawe, "Nitakuletea ndege, tutaiunda pamoja." Sanduku lilirejea na mizigo ya marehemu.

Mtoto huyo ana umri wa miaka kumi na minne. Baada ya msiba alisoma kwa kujilazimisha, akapunguza kuja madrasa, kisha akaacha kabisa. Hakuwa mtukutu. Alikuwa kimya tu, na ndugu msomaji aliyelea yatima anajua kwamba kimya cha namna hiyo huwatisha watu wazima kuliko utukutu. Mwezi wa Shaaban shemeji aliniita, akaniambia, "Shemeji, naomba ulitoe lile sanduku. Ama mliunde, ama mliuze. Mimi siwezi tena kulifagilia."

Makala haya yanasimulia jinsi tulivyoliunda. Naliandika kwa ajili ya kurasa za familia kwa sababu mbili. Kwanza, wazazi wengi huniuliza watoto wafanye nini wakati wa likizo zaidi ya kutazama simu. Pili, katika kazi hiyo tulijikuta tunashika mizani mara mbili: mara moja kwa ajili ya mali, na mara ya pili kwa ajili ya ndege yenyewe.

Sanduku ni la nani?

Kabla ya kukata utepe nilijiuliza swali ambalo katika familia nyingi halijiulizwi: sanduku lile lilikuwa mali ya nani? Watu wote nyumbani walisema ni la kijana, kwa kuwa baba yake alilinunua kwa ajili yake. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, hiba haikamiliki mpaka itamkwe na ipokewe. Baba anaweza kumpokelea mwanawe aliye mdogo, lakini lazima kwanza awe ametamka kwamba ametoa. Neno "nitakuletea" ni ahadi. Nilimwendea sheikh wetu nikamweleza, naye akanithibitishia: kaka alifariki kabla ahadi haijawa hiba, hivyo sanduku limeingia katika tarika pamoja na mali nyingine, na lazima ligawiwe kama mirathi.

Tulilithaminisha kwa shilingi 360,000. Marehemu aliacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke ana thumuni, yaani shilingi 45,000. Mama ana sudusi, shilingi 60,000. Zilizobaki ni 255,000, na watoto wanagawana kwa kanuni ya mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kijana 170,000, dada yake 85,000. Mimi ndugu wa marehemu sina fungu, kwa kuwa mtoto wa kiume amenizuia.

Shemeji na mama yangu walisamehe mafungu yao palepale. Lakini binti ana umri wa miaka tisa. Mtoto mdogo hana uwezo wa kusamehe mali yake, wala hakuna mkubwa awezaye kumsamehea. Kwa hiyo nilitoa shilingi 85,000 mfukoni mwangu, zikaandikwa katika daftari la mali yake na kuwekwa akiba, ndipo sanduku likawa la kaka yake. Mama yangu alicheka, akasema, "Mwanangu, yote haya kwa mwanasesere?" Nikamwambia, "Mama, vitu vidogo ndivyo tunavyodhulumiana."

Yaliyokuwamo

Tulilifungua siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri, kwenye baraza la madrasa. Mlikuwa na mbao za balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao ubao wake ni mwepesi kiasi kwamba bua la mtama hulingana nao. Vipande vya mbavu za mabawa vilikuwa vimekwisha kukatwa. Mlikuwa na mihimili mirefu, vijiti vya ukingo wa mbele, mota ya umeme, rafadha ambayo vijana wetu huiita pangaboi, kidhibiti cha mwendo wa mota, sevo mbili ndogo za kuvuta usukani wa mkia na kibao cha kupandishia pua, betri ya lithiamu ya seli tatu, pamoja na rimoti na kipokezi chake. Bawa lote, ncha hadi ncha, lilipangwa liwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20.

Kijana alitaka kuanza kwa kubandika mota. Kila mtoto hutaka hivyo. Nilimpa daftari jipya na kalamu, nikamwambia kwamba kabla ya kubandika kitu chochote tutakipima uzito na kukiandika. Mizani tuliazima kwa mama yake, ambaye hupimia unga wa maandazi ya kuuza. "Baba mdogo, hata kijiti hiki?" aliniuliza akiwa ameshika kipande kisichozidi gramu mbili. "Hata hicho," nilimjibu. Wakati ule sikujua kwamba daftari hilo ndilo litakalotuokoa.

Ubao ulionyooka

Ndege ya mfano huundwa juu ya mchoro wake. Mchoro hutandikwa mezani, juu yake hutandikwa nailoni nyembamba ili gundi isishike karatasi, kisha kila kipande huwekwa mahali pake na kuzuiwa kwa pini hadi gundi ikauke. Hapo kuna sharti moja lisilosamehewa: meza iwe imenyooka. Meza ikiwa na mgongo, bawa litakauka na mgongo huohuo, na bawa lililopinda huivuta ndege upande mmoja maisha yake yote.

Siku ya pili ya kazi, mzee mmoja wa kamati yetu, mwashi mstaafu, alitukuta tumejaza vipande barazani. Nilisimama nikamwamkia. Alitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Katibu, baraza hili limejengwa kwa sadaka za watu ili watoto wasome. Leo mnalichezea ndege?" Sikuwa na jibu la haraka, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Nilimwomba radhi, nikamweleza habari za kijana huyu na baba yake. Mzee hakusema neno. Aliondoka, nikadhani amekasirika. Baada ya alasiri alirudi na pima maji na timazi yake, akaiweka pima maji juu ya meza yetu. Kiputo kilikimbilia pembeni. "Meza hii ni ya kulia ubwabwa," alisema. "Haijengi kitu." Tangu siku hiyo tulijenga juu ya kioo kinene cha dirisha alichotuletea, na kazi ikahamia uani kwake.

Mbavu zilisimamishwa juu ya mhimili moja baada ya moja, kila moja ikipimwa kwa pembemraba. Nusu mbili za bawa ziliunganishwa kwa namna ambayo kila ncha iliinuka sentimita tano juu ya usawa wa katikati. Mwinuko huo si pambo. Ndege inapolala upande wa kulia huteleza kidogo kuelekea huko, na bawa la upande huo hupokea upepo kwa pembe kubwa zaidi, likainuliwa, ndege ikarudi katika usawa wake bila kuamriwa na mtu.

Gundi nayo ni mtihani. Mjenzi mgeni hudhani gundi nyingi ndiyo nguvu, kumbe viungo vilivyokutana vizuri huhitaji tone, na gundi inayobaki nje ya kiungo ni uzito usio na kazi. Viungo vya mkia tulivifanya siku ambazo mikono yetu bado ilikuwa migeni, tukavimwagia gundi kupita kiasi. Kosa hilo nilikuja kulikumbuka.

Kiunzi kilipokamilika tulikisugua kwa msasa laini, kisha tukakivika ngozi ya plastiki inayokazwa kwa pasi ya vuguvugu. Pasi ikizidi moto, ngozi hutoboka. Ikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, bawa hujikunja. Tulikwenda polepole, juu na chini kwa zamu, tukilitazama bawa kwa nyuma kama mtu achunguzaye unyoofu wa mshale.

Jina kwenye mkia

Asubuhi moja nilikuta kijana amekwisha kupaka mkia rangi. Alichukua rangi ya mafuta ya milango, iliyobaki nyumbani kwao, akapaka usukani wote kijani, kisha kwa rangi nyeupe akaandika jina la baba yake kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kumwona akiuandika madrasa. Nilimpongeza, naye akatabasamu kidogo. Hakuna kati yetu aliyefikiria uzito.

Mizani ya ndege

Kila ndege, iwe ya abiria mia tatu au ya mbao za balsa, ina nukta moja ambayo ukiishika hapo itatulia kama mzigo kwenye mzegazega. Hiyo ndiyo kitovu cha uzito. Kwa ndege nyingi za mfano zenye bawa lililonyooka, nukta hiyo inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa letu la sentimita 20, kitabu kiliagiza sentimita 6.

Kwa nini pawe hapo? Mtazame mtu wa mkokoteni pale Kariakoo. Akipakia mzigo mwingi mbele ya gurudumu, mkokoteni humwinua miguu juu. Akiupakia wote upande wake, mikono humuuma. Ndege nayo ikiwa nzito kwa pua huruka kwa shida, hutaka kushuka kila wakati na hutua kwa kasi, lakini inaongozeka. Ikiwa nzito kwa mkia, upepo mdogo ukiinua pua, pua haishuki tena. Huendelea kupanda hadi mabawa yakose nguvu ya kuibeba, kisha ndege nzima huanguka. Ndiyo maana wajenzi huonya kwamba ndege ya pua nzito itakuchosha, ila ya mkia mzito hutaiona ikiruka mara ya pili.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Ndege huwa na kila kitu chake ndani, hasa betri, kwa kuwa bila betri kipimo ni bure. Huwekwa alama mbili chini ya bawa, kulia na kushoto, kisha huegemezwa juu ya ncha mbili laini. Sisi tulitumia penseli mbili zenye vifutio, zilizosimamishwa juu ya kipande cha mbao. Pua ikiinama kidogo sana, ni salama. Ya kwetu ilikalia mkia kama kuku atagaye.

Tuliisogeza mpaka ikatulia. Kitovu kilikuwa sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele, yaani sentimita 2 nyuma ya mahali pake. Uzito wa ndege yote ulikuwa gramu 900. Hapo nilimwambia kijana achukue daftari, kwa kuwa hesabu ya nyenzo aliyoisoma shuleni sasa ilikuwa imepata kazi. Uzito ukizidishwa kwa umbali ndio nguvu ya kuinamisha. Gramu 900 mara sentimita 2 ni 1,800. Kiasi hicho lazima tukilipe upande wa mbele.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha kilichopo kabla ya kuongeza kisichokuwapo. Betri ilikuwa na gramu 150. Tulitoboa kizuizi kimoja ndani ya kiwiliwili, ikasogea mbele sentimita 6: hapo tumelipa 900. Ilibaki 900 nyingine, na hapakuwa na kitu zaidi cha kusogeza. Ingebidi kuongeza risasi kwenye pua, sentimita 25 mbele ya nukta ya mizani. Kijana aligawanya 900 kwa 25, akapata gramu 36.

Kisha alifungua kurasa za nyuma, akakaa kimya muda mrefu. Mkia ulikuwa umepimwa mara mbili: kabla ya rangi gramu 48, baada ya rangi gramu 63. Gramu 15 za rangi, zikiwa sentimita 60 nyuma ya nukta ya mizani. Alizidisha. Ni 900.

"Baba mdogo," alisema bila kuniangalia, "ni jina la baba. Hizo gramu 36 zote ni jina la baba."

Nilitaka kumwambia tuisugue rangi ile kwa msasa, tuandike upya kwa kalamu ya wino, na kwa kanuni za ujenzi hilo ndilo lililokuwa sahihi. Uzito wa nyuma hulipiwa mbele zaidi ya mara mbili, na ndege nyepesi daima ni bora. Lakini kitabu kiliruhusu ndege ifikie gramu 950, nasi na risasi tungekuwa na 936. Nikamwachia aamue. Alisema jina litabaki, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kutafuta risasi. Kesho yake alikwenda Feri na mzee wetu, wakarudi na chubwi za nyavu, akazikata na kuzisaga mpaka mizani ya maandazi ikasoma 36. Tulizigandisha nyuma ya mota kwa gundi ya epoksi. Ndege ikakaa juu ya penseli, pua ikainama kama mtu anayeitikia salamu.

Ilibaki mizani ya pili, ambayo wengi huisahau: ya kulia na kushoto. Tuliininginiza kwa uzi kwenye pua na kwenye mkia. Bawa la kushoto lilishuka kwa sababu ya gundi iliyozidi. Misumari miwili midogo ndani ya ncha ya kulia ikamaliza ugomvi.

Waliotutangulia

Jioni hizo za uani nilimsimulia kijana habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632, amepokea kwamba Abbas alijivika manyoya, akajifungia mabawa, akaruka umbali wa kutosha, lakini alipotua aliumia mgongo. Sababu iliyotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, na hakuzingatia kuwa ndege hutumia mkia wake wakati wa kutua. Leo bonde moja la mwezini limepewa jina lake. Kijana aliuliza kwa nini hakuanza na mfano mdogo. Nikamwambia swali hilo ni zuri kuliko hadithi yangu.

Nilimtajia pia al-Khazini wa Marw, ambaye mwaka 1121 aliandika kitabu kizima juu ya mizani, Kitab Mizan al-Hikma, akieleza vitovu vya uzito na jinsi ya kutengeneza mizani isiyopunja. Wazee hawa walikutanisha haki ya sokoni na elimu ya maumbile katika chombo kimoja. Na wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliopaa tarehe 17 Desemba 1903 kwa sekunde 12, walianza kuvutiwa na urukaji walipokuwa watoto, baba yao alipowaletea kidude kidogo kinachorushwa kwa nguvu ya mpira. Nilijuta mara tu baada ya kusema hivyo, maana neno "baba" lilikaa hewani. Lakini kijana aliuliza tu kidude hicho kilikuwa na uzito gani.

Anga ina mwenyewe

Ndugu mzazi, usimruhusu mtoto kurusha chombo cha namna hii kwa kuwa tu uwanja uko wazi. Vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Uliza na upate ruhusa kwanza, na ikiwezekana uliza kabla ya kununua. Sisi tulifanya hivyo, kisha tukaijulisha serikali ya mtaa na kumwomba mwenye shamba. Usirushe karibu na uwanja wa ndege, juu ya barabara, juu ya watu au nyumba. Kwetu Mbezi, tangu Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa mwaka 2021, hakuna saa ambayo watu hawajajaa. Ndiyo maana tulikwenda mbali, upande wa Mpiji.

Betri ya lithiamu nayo ichukuliwe kama jiko lenye moto. Isichajiwe bila mtu kuwapo, isiachwe juani, isitobolewe, na iliyovimba isitumike tena. Rafadha inayozunguka hukata vidole. Iondolewe kila mnapojaribu mota mezani.

Asubuhi ya Mpiji

Tulitoka baada ya alfajiri, kabla kusi haijaamka. Tulikuwa na kijana mmoja wa jamaa yetu, mpima ardhi, ambaye kazi yake imemzoeza kurusha vyombo hivi. Kabla ya lolote alimwambia mwanetu asogeze kila usukani. Alipopeleka kijiti cha rimoti kulia, usukani wa mkia ulikwenda kushoto. Miezi miwili ya kazi, pima maji, hesabu na chubwi, vyote vingeishia ardhini kwa sekunde tano kwa sababu ya sevo iliyowekwa kinyume. Ilirekebishwa kwenye rimoti kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kwanza tuliirusha kwa mkono bila mota, juu ya majani marefu. Iliteleza moja kwa moja na kulala. Mara ya pili mota iliwashwa. Mwanetu alikimbia hatua chache, akaiachia. Ilishuka kidogo kiasi cha kunikata pumzi, kisha ikapanda. Mpima ardhi aliizungusha juu ya shamba kwa muda wa dakika nne, na jua lililokuwa likitoka lilipiga mkia wa kijani. Jina halikusomeka kutoka chini. Lilikuwapo tu.

Safari iliyofuata kijana alipewa rimoti, mwenziwe akiwa amesimama begani kwake. Aliongoza vizuri mizunguko miwili. Katika kutua alichelewa kuinua pua, ndege ikaingia katika matawi ya mkorosho. Tulikimbia. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika, ngozi ya bawa la kulia imechanika, rafadha imekatika. Mkia ulikuwa mzima.

Nilitafuta maneno ya kumfariji. Kijana alikaa chini, akatoa daftari mfukoni, akaanza kuandika: ubavu wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Kisha akauliza kama mzee bado anacho kile kioo.

Kwa wazazi wenzangu

Si lazima mtoto apate sanduku la Muskat. Ndege ya kuteleza isiyo na mota inaweza kukatwa kutoka katika boksi la foronya lililotupwa au ubao mwembamba wa sponji ngumu inayofungia televisheni, na kipande cha udongo kwenye pua kikafundisha mizani ileile kwa gharama ya shilingi chache. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima atakayekaa naye.

Wala tusidhani ni mchezo usio na mwisho. Mwaka 2016 Tume ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kupiga picha visiwa vile kwa ndege ndogo za povu gumu zenye uzito wa takriban gramu 700, nyepesi kuliko hii yetu, ili kutengeneza ramani. Mwaka 2018 yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, kwa chombo kisicho na rubani kilichokwenda kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Na hapahapa wilayani kwetu Ubungo, pale Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha ufundi wa matengenezo ya ndege. Ni safari fupi kutoka Mbezi Luis kwa daladala.

Mtoto wetu amerudi madrasa, si kila siku, lakini amerudi. Bawa linakaribia kukamilika. Wiki iliyopita nilipita uani kwa mzee nikakuta dada yake mdogo amekaa mbele ya mizani ya maandazi, anapima mbavu mpya, na kaka yake anasubiri asome namba. Alisema kwa kuwa anazo shilingi 85,000 zake, ndege ijayo atashirikiana na kaka yake, mafungu nusu kwa nusu. Nilifungua daftari. Sasa lina miandiko miwili.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yao, na awasimamie yatima wote. Amin.